Sukari ya Mkojo Tu

Kama una tabia ya kuchungulia sisimizi nyuma ya bafu ili ujue nani nyumbani kwako ana sukari, haya nayaandika kwa ajili yako. Tafuta mahali ukae. Mimi nilikuwa hodari wa kazi hiyo kukushinda wewe, na sasa hivi ninapoandika, binti yangu Namkunda yuko barazani anafundishwa na baba yake kufunga vifungo vya sweta. Ana miaka kumi na tisa.

Nilizaliwa upande wa Gonja, nikaolewa Vudee. Kabla sijaolewa nilimuuguza baba yangu mzazi, ambaye alikuwa na kisukari cha kweli. Mimi ndiye niliyegundua. Mzee alikuwa na kona yake ya kukojolea pale uani, na ikifika saa sita mchana kona ile ilikuwa nyeusi kwa sisimizi. Nikasema huyu baba ana sukari. Kaka zangu wakacheka. Alipopelekwa hospitali damu ikapimwa, ikakutwa kweli sukari imepita kiasi, na tangu siku hiyo hakuna aliyenicheka tena. Nilimuuguza miaka sita. Alikatwa mguu mmoja, baadaye akafariki, na mimi nikabaki na ujuzi wangu wa sisimizi, nikijiona nimesomea.

Vudee wakaniita Daktari. Ulikuwa utani, lakini kina mama walikuja kweli kuniuliza. Nilikuwa nawaelekeza: mkojo wa asubuhi, jiwe bapa, juani, rudi baada ya chakula cha mchana uangalie. Mama Mbonea, jirani yangu na mwenzangu wa sauti ya pili kwenye kwaya, alikuwa akipita asubuhi na kuniuliza, "Daktari, wale wauguzi wako wenye miguu sita leo wamesemaje?" Nilicheka, lakini nisikudanganye, nililipenda sana jina lile.

Masika moja, Namkunda akiwa darasa la saba, nikawakuta sisimizi kwenye mkojo wangu mwenyewe. Nilirudia siku tatu, wakaja siku zote tatu. Sikushangaa, kwa kuwa baba alikuwa nayo. Siku ya gulio nikashuka Same, kwenye joto na vumbi lake, nikaingia duka la dawa. Muuzaji, mwanamume wa rika langu, alichovya kijiti kwenye mkojo wangu, na rangi ikageuka mpaka mwisho wa kipimo.

"Dada, hiki ni kipimo cha mkojo tu," akasema. "Nenda hospitali wakutoboe kidole, wapime damu. Usianze dawa kwa hiki."

"Kaka yangu, mimi nimeuguza kisukari miaka sita," nikamjibu. "Wewe nipe vidonge."

Nikamtajia jina la dawa ya baba bila kukosea. Alisita, lakini nilipoanza kufoka mbele ya wateja akanifungia. Simlaumu hata kidogo. Hospitali ningefika kwa miguu, na nilikuwa na haraka ya kuwahi gari la kurudi mlimani.

Nilimeza vile vidonge miaka mitatu na ushee. Ikifika saa nne asubuhi, nikiwa shambani, mikono inaanza kutetemeka, jasho linatoka hata kukiwa na ukungu na baridi, moyo unakwenda mbio, na njaa inaniuma mpaka nahisi nitakula majani ya maharage. Nikisema na mtu namjibu hovyo, kisha najuta. Mimi nikajua hiyo ndiyo sukari inapanda. Basi nikipatwa na njaa ile, nakataa kula. Nikitetemeka zaidi, naongeza kidonge. Na kila nikirudi kwenye jiwe langu, sisimizi wapo palepale, kwa hiyo nikazidi kuamini kwamba ugonjwa ni mkali na dawa haijafika. Nilikonda, sketi nikawa nazifunga kwa kamba, na kanisani watu wakaniuliza nimefanyaje hadi nikapendeza hivyo.

Jumapili moja ya vuli nilianguka katikati ya wimbo. Mama Mbonea alinishikilia, akachukua soda ya mtoto wa watu aliyekuwa karibu, akaninywesha. Dakika chache tu nikawa mzima, nimekaa, naona nyuso zote. Unajua nilichofanya? Nilimgombeza. Nilimwambia mbele ya mchungaji kwamba ametaka kuniua, mtu mwenye sukari hapewi soda. Yeye akasema tu, "Lakini umeamka, Daktari."

Umeamka. Ningelisikia neno lile, nisingekuwa naandika leo.

Sasa nifike pale ninapopaogopa. Namkunda alikuwa kidato cha tatu, shule ya bweni huko chini Same. Alikuja likizo wakati wa kipupwe, ameongezeka urefu, anaongea haraka haraka, anaandika mahesabu kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni mpaka namkaripia. Wiki ya kwanza nilipoenda kufagia nyuma ya bafu nikawakuta sisimizi mahali ambapo si pangu. Nikamwambia akojoe kwenye kopo. Alicheka akasema, "Mama, huo ni ushamba, sisi tunasoma baiolojia." Lakini alikojoa kwa sababu mimi ni mama yake. Nikamwaga kwenye jiwe, wakaja wengi kuliko wangu.

Nililia sana siku ile. Nilimwona baba na mguu wake. Baba Namkunda akasema tumpeleke hospitali, na mimi nikasema ndiyo, tutampeleka akikaribia kurudi shule, kwa sasa nianze kumsaidia mapema. Nikamkatia nusu kidonge. Siku ya tatu sisimizi hawajapungua, nikampa kizima. Nilimpa kwa mkono wangu, kila asubuhi, na maji ya uvuguvugu. Nilimpenda. Naomba ulielewe hilo hata kama ukiamua kunichukia.

Siku ya tano ikapigwa mbiu ya msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja ambayo kila nyumba inatoa mtu. Ilikuwa zamu ya kuzibua ndiva, bwawa letu la juu linalokusanya maji ya kumwagilia, kabla mashamba hayajakauka. Namkunda akataka kwenda yeye, maana vijana wenzake wote walikuwa wanakwenda. Alipotaka kula kiporo cha makande nikamzuia. Nilisema jana wale wadudu walikuwa wengi mno, leo ashinde na maji tu mpaka mchana. Alimeza kidonge chake, akabeba jembe, tukaondoka pamoja.

Ilipata saa nne na kitu. Alikuwa ndani ya tope mpaka magotini, anapokezana ndoo na wenzake. Nikamwona anayumba. Kisha akaanza kuongea maneno yasiyoeleweka, akamtukana mtu, yeye ambaye hajawahi kumtukana mtu. Tukamtoa tukamkalisha ukingoni. Jasho lilikuwa linamtiririka, mdomo unamtetemeka. Mama Mbonea alikuwa na chupa ya chai aliyowaletea wafanyakazi, chai ya Upareni, yenye sukari ya kutosha. Akamimina kikombe akamsogezea mdomoni. Namkunda alikuwa bado anaweza kumeza. Alifungua mdomo mwenyewe.

Nikakipiga kile kikombe. Chai ikamwagika kwenye udongo. Nikapiga kelele kwamba sukari imempanda, asipewe kitu kitamu na mtu yeyote, mimi ndiye ninayejua. Na kwa kuwa walikuwa wamezoea kuniita Daktari, walinisikiliza. Watu zaidi ya thelathini walisimama pale, na hakuna aliyemimina kikombe cha pili.

Baada ya muda mfupi akapigwa na degedege, kisha akalala asiitike. Wanaume wakamfunga kwenye machela ya miti na mablanketi, wakamteremsha mpaka barabarani, tukasubiri gari, tukapata pikapu ya mfanyabiashara wa tangawizi. Njia nzima nilikuwa nimempakata kichwa, nampepea. Kama ningekuwa na pipi moja tu mfukoni na akili ya kuitumia mapema! Lakini hata ningekuwa nayo ningeitupa.

Pale hospitali muuguzi alimtoboa kidole kabla hatujamaliza kumlaza. Aliangalia kile kipimo, akakimbia. Sijawahi kuona mtu mzima akikimbia hivyo ndani ya wodi. Wakamchoma sindano kubwa kwenye mshipa, wakamtundikia dripu. Daktari akanigeukia.

"Mama, huyu binti sukari yake imeshuka karibu na mwisho. Amekunywa nini?"

"Haijapanda?"

"Imeshuka. Amekunywa dawa gani?"

Nikatoa bahasha ya vidonge vyangu kwenye kanga. Aliisoma, akaniuliza nani ana kisukari hapa. Nikasema mimi, na yeye. Akamwambia muuguzi anitoboe na mimi. Ikatoka chini ya kawaida. Akauliza, "Nani alikuambia una kisukari, mama?" Nilifungua mdomo. Baba Namkunda, aliyekuwa ametufuata, alikuwa amesimama pembeni yangu, na wote wawili walikuwa wananisubiri. Nilishindwa kutamka neno sisimizi mbele ya yule daktari.

Tulikaa hapo siku mbili kabla ya kupewa rufaa ya Moshi. Kwenye benchi la nje ya wodi alikuwepo mama mmoja wa Kimasai kutoka nyikani, mume wake amelazwa. Hatukuwa tunajuana. Siku ya pili aliona sijala chochote, akanimiminia maziwa kwenye kifuniko.

"Kunywa, yeyo," akaniita mama kwa Kimasai.

Nikasema kwa mazoea, "Mimi nina sukari."

"Maziwa hii ni ya ng'ombe, hapana ya duka," akasema. "Kunywa. Mtoto akiamka atataka mama iko na nguvu."

Nikanywa, huku machozi yanaingia kwenye kifuniko. Alikaa nami bila kuuliza kitu, akinishika goti. Nikikumbuka siku zile, wema ninaouona ni ule.

Huko Moshi Namkunda alilala bila fahamu siku kumi na moja. Ukiwa na mgonjwa wa hivyo unajifunza mambo ya ajabu: ni mlango gani unalia, ni muuguzi gani anaimba akibadilisha shuka, ni saa ngapi jua linafika kwenye miguu ya kitanda. Siku ya kumi na mbili alifumbua macho. Tukashangilia. Kisha tukaona kwamba macho yanatazama lakini hayatujui. Ilipita wiki kabla hajatamka neno, na neno lenyewe lilikuwa "baridi". Daktari akatukalisha chini, akatuambia kwamba ubongo ulikaa bila sukari muda mrefu, na kuna sehemu hazitarudi. Nikauliza muda mrefu ni kiasi gani. Akasema hawezi kujua, lakini mimi naujua. Naweza kukuonyesha palipoanzia, pale ukingoni mwa ndiva.

Na mimi walinipima upya, baada ya kuacha vidonge wiki tatu. Damu safi kabisa, kabla ya kula na baada ya kula. Mkojo umejaa sukari. Namkunda vilevile. Daktari wa figo alikuwa mwanamke mdogo mwenye sauti ya chini. Akaniambia figo huchuja damu, na sukari inayopita pale vijifereji vya ndani huirudisha kwenye damu. Vyangu vinaiachia sehemu ipite. Nilimwelewa vizuri, kwa sababu mlangobao wa mfereji wetu, ule ubao wa kuzuia maji, ukilegea, maji yanalipita shamba lako yanakwenda kumwagika korongoni, wakati ndiva haina kasoro yoyote.

"Kwa hiyo ni ugonjwa gani?" nikauliza.

"Kwenu ninyi si wa kuwatisha, mama. Umezaliwa nao, na binti yako ameurithi. Hauna dawa kwa sababu hauhitaji dawa. Ungeishi nao mpaka uzeeni bila kujua."

Bila kujua. Nilitoka nje ya chumba kile nikakaa kwenye ngazi, nikajililia mpaka walinzi wakaja kuniuliza kama nimefiwa. Wale sisimizi hawakukosea, kwa taarifa yako. Waliifuata sukari, na sukari ilikuwepo. Mimi ndiye niliyewalazimisha waseme habari za damu.

Tulirudi Vudee mvua za vuli zikianza. Namkunda alibebwa mgongoni na baba yake kutoka barabarani. Baba Namkunda hakunipiga, hakunitukana, hakuwaita wazee. Alihamisha kitanda chake akaenda kulala chumba cha binti yake, akatengeneza fito za kushikilia kutoka mlangoni mpaka chooni, akamfundisha kutembea. Na mimi hakuniita jina. Akitaka chumvi anaitazama chumvi. Kabla ya hapo nilikuwa Mama Namkunda, na mara nyingine mke wangu. Kiangazi kikapita hivyo, na masika. Siku moja tu alisema, huku anachonga mpini, "Alishafungua mdomo." Akaendelea kuchonga. Ningependelea anipige.

Mama Mbonea ndiye aliyekuja. Kila Jumatano anamfulia Namkunda nguo na kumsuka nywele, na kuhusu kile kikombe hajanitamkia hata nusu neno. Hata ule utani wa Daktari ameuacha, yeye na kijiji kizima. Nilipomwomba msamaha alisema, "Na mimi nilipaswa kumimina tena. Nilikuogopa." Tukalia wote wawili.

Namkunda sasa anatembea na fimbo. Anakula mwenyewe, makande anayapenda kama zamani. Anaongea polepole, neno moja moja, na anatabasamu kwa upande mmoja. Tatizo kubwa lililobaki ni kumbukumbu. Ya zamani anayo kiasi: anamkumbuka bibi yake, anaikumbuka njia ya kisimani. Ya leo haikai. Ukimwambia jambo jioni, asubuhi halipo. Kila mwezi tunashuka kliniki, na kila mwezi mtaalamu wa mazoezi anatuuliza swali lilelile: kuna kitu chochote cha jana alichokikumbuka leo? Baba Namkunda anaandika kwenye daftari kila siku. Hapana. Hapana. Hapana. Kikikaa kimoja, mtaalamu alisema, vingine vitafuata.

Nikuambie basi ulichokisomea. Mkojo hauwezi kukuambia kwamba una kisukari. Nenda wakutoboe kidole, wapime damu, na warudie. Dawa ya mtu ni ya mtu huyo, usimkatie mwanao hata robo. Na kama mtu anayemeza vidonge vya sukari anatetemeka, anatoka jasho na kuongea hovyo, ilhali bado anaweza kumeza, mpe kitu kitamu hapohapo, kisha kimbia hospitali. Akiwa hajitambui usimtie kitu mdomoni, mkimbize.

Mwezi uliopita niliamua kumwambia Namkunda mwenyewe. Alikuwa ananiuliza mara kwa mara aliumwa nini, na sisi tunasema uliumwa tu, mwanangu. Nikamkalisha barazani mchana, nikamweleza yote: sisimizi, vidonge, kiporo nilichomnyima, chai. Alinisikiliza. Akanishika shavu akasema, "Pole, mama." Kesho yake hakujua lolote. Nikamwambia tena wiki iliyofuata, akanipa pole tena. Mara ya tatu vilevile. Baba Namkunda alinisikia, akasema kwamba namwambia kwa sababu najua atasahau. Alisema kweli. Nilikuwa nasamehewa bure.

Juzi nilimweleza mara ya nne. Safari hii hakunipa pole. Uso ukamkunjamana, akalia mpaka jua likazama, na nilipotaka kumgusa alinisukuma kwa fimbo. Alilala hajaniaga.

Jana asubuhi nilikuwa jikoni nachochea moto. Alikuja na fimbo yake, akamwamkia baba yake, "Shikamoo, baba," akanipita mimi akakaa. Baba yake akamwambia, "Mbona mama hujamwamkia?" Namkunda akafikiri. Tukamwona anatafuta, neno kwa neno.

"Alimwaga," akasema. "Chai yangu. Mama."

Nilitoka nje. Sijafika hata kwenye migomba nikasikia Baba Namkunda ananifuata mbio, daftari mkononi, anapiga kelele ambazo nadhani zilifika ng'ambo ya pili ya bonde:

"Amekumbuka! Mama Namkunda, umesikia? Amekumbuka ya jana!"